Anayenukia na Anayenuka: Maswali Yenu Kuhusu Manukato ya Wanaume

Tuliomba maswali kuhusu manukato ya wanaume, nanyi hamkutuangusha. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Mengine tumeyajibu kwa urefu, mengine kwa mistari miwili, kadiri swali lilivyotaka.

Nilijaza moja ya yale majaribio ya mtandaoni yanayokutajia tabia yako kutokana na harufu unazozipenda. Kwa kuwa napenda harufu za miti, nikaambiwa mimi ni kiongozi asiyetetereka. Wenzangu kazini walicheka sana. Kuna ukweli wowote? — Msaidizi wa maktaba, miaka 31

Wenzako wana haki ya kucheka. Hakuna pua inayoweza kunusa uongozi ndani ya sandali, ule mti wa manukato. Ila majaribio hayo hayajatoka hewani, na ni vizuri ujue yalipoanzia.

Harufu tunazoziita za kiume tumefundishwa. Mwaka 1882 nyumba ya manukato ya Houbigant huko Paris ilitoa Fougère Royale, iliyotungwa na Paul Parquet. Jina hilo ni kama kusema kangaga la kifalme, na kangaga lenyewe halina harufu ya kutajika. Parquet aliibuni kichwani: lavenda na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa) juu, ile ndevu ya kijivu inayoota kwenye magome ya mwaloni chini, na katikati kumarini, kiambato chenye harufu ya nyasi kavu ambacho mkemia William Henry Perkin alikuwa amekitengeneza maabara mwaka 1868. Mchanganyiko ule ulihama chupa ukaingia kwenye sabuni za kunyolea na losheni za baada ya kunyoa. Vizazi kadhaa vya watoto vikakua vikiunusa kwenye mashavu ya baba na babu. Leo mtu akiunusa anasema, "huyu mtu mzima, nadhifu." Pua inakumbuka kinyozi tu.

Vivyo hivyo kwa zile harufu za maji na ubaridi. Cool Water ya Davidoff, iliyotungwa na Pierre Bourdon, ilitoka mwaka 1988 na ikazaa ukoo mzima wa manukato ya "kijana msafi wa mazoezi". Moja ya nguzo zake ni dihidromirsenoli, kiambato ambacho pia hutumika sana kwenye sabuni za kufulia. Ndiyo maana tukikinusa tunafikiria usafi.

Kwa hiyo manukato ni kama mavazi. Mpole anayevaa udi na ngozi hajawa mkali, ametangaza tu namna anavyotaka kusomwa. Hilo nalo ni habari kumhusu, lakini ni habari ya matamanio yake.

Yapo mawili yaliyopimwa kitaalamu. La kwanza, manukato humbadilisha anayeyavaa kabla ya kumfikia mwingine. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2009, wanaume waliopewa kipulizio chenye manukato walijiamini zaidi kuliko waliopewa kisicho nayo. Wanawake walioonyeshwa video zao zisizo na sauti wakawaona wanavutia zaidi, ingawa hawakuwa wamenusa chochote. Kilichobadilika ni mwendo na uso. La pili, manukato unayoyachagua mwenyewe hukaa vizuri na harufu ya mwili wako. Watafiti wa Ucheki walichapisha mwaka 2012 jaribio lililolinganisha manukato ya mtu mwenyewe na manukato aliyopangiwa, yote yakiwa mwilini mwake. Wanusaji walipendezwa zaidi na mchanganyiko wa manukato ya mwenyewe, ilhali manukato yenyewe, bila mwili, hayakutofautiana kwa uzuri.

Kwa hiyo acha majaribio, amini pua yako. Na kama kuna kinachomwanika mtu waziwazi, si ukoo wa harufu, ni kiasi. Manukato yaleyale yakipulizwa mara mbili husema "nimejitengeneza", yakipulizwa mara tisa husema "sikuwafikiria mtakaokaa nami". Kiswahili kimeshaliona hilo kwa herufi moja tu: kuna kunukia na kuna kunuka.

Nimepandishwa cheo na sasa naongoza watu walionizidi umri. Nataka kunukia kama mtu mtulivu, asiye na makeke, lakini si mzee. Dukani nikifika chupa ya nne zote zinakuwa kitu kimoja. Nichague vipi? — Mkuu wa kitengo, miaka 34

Chupa ya nne ndiyo ukomo wa pua nyingi, kwa hiyo hujafanya kosa. Kosa ni kutaka kumaliza kazi kwa siku moja.

Kwanza weka msamiati wako sawa. "Mtulivu, asiye na makeke" kwa lugha ya watunga manukato ni miti mikavu (mwerezi, sandali, mizizi ya vetiva), lavenda isiyo na sukari, majani chai, iliki kidogo, na miski nyeupe inayonukia kama nguo iliyopigwa pasi. Kinachovunja utulivu ni sukari nyingi, yaani vanila nzito, karameli na matunda yaliyoiva, pamoja na viungo vikali vikiwa mstari wa mbele, kama mdalasini na karafuu. Machungwa na ndimu hukufanya mchangamfu kwa nusu saa tu, kisha huondoka. Muuzaji mwambie hivyo, usimwambie "nataka ya bosi". Ukisema bosi atakuletea chupa nzito nyeusi yenye nembo ya dhahabu.

Sasa utaratibu. Siku ya kwanza usipulize mwilini hata mara moja. Chukua vile vijikaratasi vya kunusia, pulizia kila kimoja mara moja kutoka umbali wa sentimita 15, andika jina na saa, kisha kipunge ili spiriti iondoke. Usinuse kabla ya sekunde 30, maana kinachopanda mwanzo ni alkoholi inayochoma. Vinne vinatosha. Usivirundike mfukoni vikaambukizana, kila kimoja kiweke kwenye bahasha yake. Nusa tena baada ya dakika 10, baada ya saa moja, halafu baada ya saa nne. Utashangaa. Kile kilichokupendeza dukani kwa limau na pilipili manga, jioni kimebaki vumbi tamu. Na kile ulichokidharau kimetulia kama mbao iliyorandwa jana. Wewe utaishi na ile ya baada ya saa nne. Harufu za juu, yaani zinazosikika kwanza, hukaa dakika 5 hadi 15, za katikati saa kadhaa, na za chini ndizo watu watakazokujua nazo.

Siku ya pili rudi na viwili vilivyobaki. Kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto, mpulizo mmoja kila upande, upande wa ndani juu kidogo ya kiwiko. Kifundo cha mkono hunawa kutwa, kwa hiyo hakikupi jibu la kweli. Nenda zako kazini. Siku ya tatu vaa kilichoshinda kwa kipimo chako kamili, na usimuulize mtu "nanukia vizuri?" Nani atakujibu hapana? Muulize mtu mnayeaminiana, "umenisikia nilipoingia, au uliponikaribia?" Kwa kazi yako jibu unalotaka ni la pili.

Kuhusu punje za kahawa wanazoweka dukani ili "kusafisha pua": zimejaribiwa, na hazikufanya vizuri kuliko hewa ya kawaida. Toka nje dakika 5, au nusa ndani ya kiwiko chako kisicho na manukato.

Wafanyakazi wenzangu wameniambia kwa upole kwamba manukato yangu yanawaumiza kichwa. Mimi mwenyewe siyasikii kabisa, naona kama yameisha dakika 20 baada ya kutoka nyumbani, ndiyo maana naongeza mchana. Je, nimeuziwa feki? — Fundi wa kompyuta, miaka 40

Hujauziwa feki. Umezoea. Pua ikipewa harufu ileile mfululizo huacha kuiripoti, ndivyo ilivyoumbwa, ili ibaki macho kwa jambo jipya kama moshi. Mwenye kuvaa ndiye wa kwanza kupoteza harufu yake, na mwenzake anayeingia chumbani ndiye anayeipata yote. Ukiongeza mchana unawaongezea wao, hujiongezei wewe.

Lakini kuna sababu ya pili ambayo watu wengi hawaijui. Binadamu ana aina karibu 400 za vipokea harufu vinavyofanya kazi. Linda Buck na Richard Axel ndio waliofichua jeni za vipokezi hivyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Vipokezi hivyo havifanani baina ya mtu na mtu. Wapo wasioisikia kabisa baadhi ya miski za maabara, nazo hutumika kwa wingi kwenye manukato ya kisasa. Wengine hawasikii vizuri vile viambato vikavu vinavyoiga miti na ambari, wakati jirani yao vinamchoma puani kama sindano. Ikiwa chupa yako imejaa hivyo, wewe unasikia nusu ya wimbo na wenzako wanasikia spika nzima.

Fanya hivi. Pumzisha manukato hayo siku tatu hadi nne, usivae chochote. Kisha anza upya kwa mpulizo mmoja kifuani, chini ya shati, dakika 10 kabla ya kuvaa. Kaa na kipimo hicho wiki nzima hata kama husikii kitu. Wakiacha kulalamika, unaweza kuongeza wa pili nyuma ya shingo, na hapo ndipo mwisho. Mpulizo mmoja wa chupa ya kawaida hutoa takriban mililita 0.1. Mtu anayebonyeza mara kumi kila asubuhi anatumia mililita moja kwa siku, yaani chupa ya mililita 100 inaisha katika miezi mitatu na ushee. Hebu angalia chupa yako ulinunua lini. Hesabu hiyo haina huruma lakini haidanganyi.

Ukigundua umezidisha ukiwa tayari ofisini, maji matupu hayatakusaidia, kwa kuwa mafuta ya manukato hayayeyuki kwenye maji. Lowesha pamba kwa spiriti ya kusafishia vidonda, futa pale ulipopulizia, tupa pamba hiyo mbali, kisha nawa kwa sabuni isiyo na harufu. Kama yameingia kwenye shati, badilisha shati. Nguo hushika harufu kuliko ngozi.

Na usipuuze maumivu ya kichwa ya wenzako ukadhani ni wivu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Rafiki yangu ana manukato yanayomkaa vizuri ajabu. Nikanunua yaleyale, kwangu yanageuka kuwa na uchachu, halafu yanapotea. Ngozi yangu ina tatizo gani? — Mwanafunzi wa chuo, miaka 23

Yawezekana ngozi yako haina tatizo. Tafuta mkosaji kwa mpangilio huu, kuanzia anayeonekana mara nyingi.

Sabuni na dawa ya kwapa. Ukioga sabuni yenye harufu kali, ukapaka losheni ya nazi, ukaweka kipulizio cha kwapa chenye harufu ya bahari, kisha manukato ya ngozi na tumbaku juu yake, umevaa harufu nne. Uchachu mara nyingi huzaliwa hapo. Kwa siku tatu tumia sabuni na dawa ya kwapa zisizo na manukato, kisha jaribu tena.

Ukavu. Ngozi kavu haishiki mafuta ya manukato, kwa hiyo harufu za juu huruka haraka na unabaki na mifupa. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka losheni isiyo na harufu au mafuta ya mgando kiasi cha punje ya kunde mahali utakapopulizia. Subiri dakika mbili tatu. Tofauti yake kwa mtu mwenye ngozi kavu ni kubwa kuliko kununua chupa ghali zaidi.

Jasho. Jasho bichi halina harufu kubwa, bakteria wa kwapani ndio wanaoligeuza kuwa asidi zenye uvundo. Ukipulizia manukato ya machungwa juu ya jasho la jana unapata uchachu juu ya uchachu. Manukato huvaliwa juu ya mwili uliooga, hayachukui nafasi ya kuoga, na hayapulizwi kwapani kamwe. Kwapa lililonyolewa litaungua kwa alkoholi, na harufu itaharibika.

Kusugua. Wengi hupuliza kifundo kimoja wakasugua na kingine. Msuguano huleta joto, joto hurusha harufu za juu kabla ya wakati, na unajinyima sehemu ya mwanzo ya utunzi. Puliza, acha, ikauke yenyewe.

Ukishayapitia yote haya na bado inachacha, basi kubali kwamba manukato yale ni ya rafiki yako. Ni yale tuliyosema juu kuhusu jaribio la 2012: mwili una kauli yake kwenye uchaguzi.

Mwanangu wa miaka 18 amejinunulia manukato yenye waridi na vanila. Mimi naona ni ya kike. Hataki kunisikia. Nimwambie nini? — Baba wa watoto watatu

Mzee wetu, mwambie apunguze kiasi, maana vijana hapo ndipo wanapokosea, na mengine mwachie. Mstari kati ya manukato ya kike na ya kiume umechorwa na rafu za duka. Jicky ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1889 ikiwa na lavenda na vanila, imevaliwa na wanaume na wanawake pia. Eau Sauvage ya Dior, mojawapo ya manukato ya kiume yanayoheshimika zaidi, ilitungwa na Edmond Roudnitska mwaka 1966, na uwazi wake unaosifiwa unatokana na kiambato kiitwacho hedione, chenye harufu nyepesi ya asumini. Mwaka 1994 CK One ilitangazwa wazi kwamba ni ya wote. Baba aliyevaa Eau Sauvage alikuwa amevaa ua, ila sanduku halikumwambia.

Kuna jambo moja la ufundi unaloweza kumpa kijana, naye atakushukuru. Vanila nzito hupanda sana wakati wa joto na kwenye chumba kidogo. Mpulizo mmoja tu, chini ya nguo, na si kwenye shati jeupe, maana vanilini, kiini cha harufu ya vanila, hubadilika rangi ikawa ya kahawia na doa lake halitoki kirahisi.

Mume wangu amevaa manukato mamoja kwa miaka 15. Chupa mpya niliyomnunulia anasema si yenyewe, na mimi pia naona imepooza. Nataka kumbadilishia kabisa, nimfanyie mshangao. — Mke anayesumbuka

Dada, pua zenu huenda ni nzima. Fomula hubadilika kimyakimya. Sanduku linabaki lilelile, lakini kanuni za usalama na bei za malighafi hubadilika. Ile ndevu ya mwaloni tuliyoitaja mwanzo ina molekuli mbili, atranoli na kloroatranoli, zinazosababisha mzio wa ngozi, na Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kwenye vipodozi. Lilial, kiambato chenye harufu ya maua meupe kilichotumika kila mahali hadi kwenye sabuni, kilipigwa marufuku huko Machi 2022. Mtunzi huziba pengo kwa viambato vingine, na mtu aliyevaa miaka 15 lazima atalisikia.

Lakini kabla ya kuilaumu fomula, jaribu jambo dogo. Kama chupa ya zamani imebaki tone, pulizieni karatasi moja manukato ya zamani na nyingine ya mpya, ziacheni saa mbili, kisha mzinuse. Ikiwa tofauti ipo mwanzoni tu na baadaye zinafanana, inawezekana ya zamani ndiyo iliyoharibika. Mwanga, joto na hewa huoza harufu za juu kwanza, hasa za jamii ya machungwa, na mtu huzoea uharibifu huo polepole hadi akadhani ndiyo harufu halisi. Chupa iliyokaa bafuni au dirishani haidumu. Iweke kwenye sanduku lake, kabatini, mbali na joto, ikiwa imesimama.

Kuhusu mshangao, tungekushauri uuache. Mwaka 2001 watafiti Milinski na Wedekind walikuta kwamba harufu ambazo mtu anataka kuzivaa yeye mwenyewe zinahusiana na jeni zake za kinga ya mwili, lakini alipoulizwa angependa mwenzi wake anukie nini, uhusiano ule karibu ukatoweka. Yaani pua yako inajua kuchagua yako. Mpe mshangao wa aina nyingine: chupa ndogo tatu za majaribio, mililita 2 kila moja, zinazokaribia anachokipenda. Mtajie muuzaji jina la manukato ya zamani na uulize mengine ya ukoo huo. Kila moja aivae siku mbili. Kipya kinyemi, lakini mtu wa miaka 15 na harufu moja ameshakuambia tabia yake bila jaribio lolote: hapendi kuhamishwa ghafla.

Kwenye sanduku moja wameandika eau de toilette, jingine eau de parfum, jina lilelile. La pili ni la kwanza lililoongezwa nguvu tu? — Msomaji

Si mara zote. Kwa kawaida eau de cologne huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na parfum huanzia 20 kwenda juu. Mipaka hii ni desturi ya biashara, kwa hiyo inapishana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Mara nyingi mtunzi hubadilisha utunzi wenyewe: toilette hupewa machungwa na viungo zaidi mbele, eau de parfum hupewa vanila, miti na utomvu zaidi chini. Ndugu wawili, tabia mbili. Ukiipenda moja usinunue nyingine kwa kuamini jina. Kwa kipimo, anza na mara 3 hadi 4 kwa toilette, 2 hadi 3 kwa eau de parfum, 1 au 2 kwa parfum.

Mimi situmii manukato yenye alkoholi. Natumia mafuta ya udi na miski. Wengine wananiambia yananizeesha, wengine wanasema hayasikiki. Nifanye nini? — Mfanyabiashara, miaka 28

Wote wawili wamesema kweli, kwa sababu mafuta hayafanyi kazi kama kipulizio. Alkoholi huruka na kubeba harufu hewani, ndiyo inayoleta ule uingiaji wa kishindo. Mafuta hayana mbebaji huyo. Hukaa karibu na ngozi, hupanda polepole kwa joto la mwili, na hudumu. Aliye mita mbili hakusikii, anayekusalimia kwa mkono anakusikia kwa muda mrefu. Kwa mtu anayependa kukaribiwa kuliko kutangazwa, hiyo ni sifa.

Kuzeesha hutokana na udi wenyewe. Udi ni utomvu ambao mti wa jamii ya Aquilaria huutengeneza unapojihami baada ya kujeruhiwa na kushambuliwa na kuvu. Ule wa asili una upande wa zizi na ngozi mbichi kabla haujatulia, na asiyeuzoea huusikia upande huo tu. Usiuvae peke yake. Gusa kijiti cha chupa nyuma ya kila sikio mara moja, kisha tia tone moja la waridi au la sandali kifuani, usichanganye mahali pamoja. Waridi huung'arisha udi, sandali huulainisha, na zafarani kidogo huufanya mkavu na wa kisasa zaidi. Miski nzito iache usiku. Matone mawili kwa jumla yanatosha, na la tatu ndilo linalokufanya mzee.

Mawili ya tahadhari. Mafuta huacha doa, hivyo yapake na uyasubiri dakika 5 kabla ya kuvaa nguo nyepesi. Na kama mchanganyiko wako una mafuta asilia ya bergamoti ambayo hayajaondolewa bergapteni, usiyapake mahali patakapopigwa na jua. Kiambato hicho pamoja na mwanga wa jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Chupa isiyo na maelezo hayo, ichukulie kwamba haijaondolewa.

Ya haraka

*Nipulizie kwenye ndevu?* Hapana. Alkoholi hukausha nywele na ngozi iliyo chini yake, tena ziko chini ya pua yako, utazoea ndani ya dakika chache. Tumia mafuta ya ndevu yenye harufu hafifu ya miti.

*Baada ya kunyoa nisubiri muda gani?* Dakika 20 angalau, na hata hapo puliza kifuani, si shingoni palipopita wembe.

*Nahitaji chupa ngapi?* Mbili zinawatosha watu wengi: moja nyepesi ya mchana na joto, moja nzito ya jioni na ubaridi. Wa chupa ishirini hukuta nyingi zimeharibika kabla hajazifikisha nusu.

*Naweza kupuliza hewani kisha nikapita katikati ya wingu?* Unaweza, kama unataka sakafu ndiyo inukie.